Malumbano: neno la ufasaha lililogeuka kuwa karipio

Msikilizaji wa taarifa za habari za Kiswahili, awe Dodoma, Nairobi, Unguja au ughaibuni, hawezi kumaliza juma bila kulisikia neno malumbano. Mawaziri wawili wametofautiana hadharani: hayo ni malumbano. Chama tawala na wapinzani wanajibizana kuhusu katiba: malumbano yamezuka upya. Na karibu kila mara neno hilo hufuatana na kitenzi kimoja, nacho ni kuacha. Wananchi wanaombwa waache malumbano wajenge nchi. Viongozi wanatakiwa waache malumbano watekeleze ahadi zao. Hata wanachama wa klabu ya kandanda huambiwa waache malumbano ili timu ipate kushinda.

Neno hili halikuzaliwa na aibu hiyo. Lilikuwa na heshima yake, na mtu aliyelumbana vizuri alisifiwa kwa kazi yake. Namna lilivyoshuka hadhi ni habari inayowahusu hata wasiojali historia ya maneno, kwa sababu nyuma yake kuna swali la siasa ambalo Afrika Mashariki haijalimaliza: je, watu wawili kutofautiana mbele ya umma ni kazi ya maana, au ni upotezaji wa wakati?

Mlumbi ni nani?

Mzizi wa neno ni kitenzi kulumba. Katika mazungumzo ya kawaida hakisikiki sana siku hizi, lakini kamusi zimekihifadhi. Kulumba ni kusema mbele ya watu kwa ufasaha na kwa mpangilio, kama asemavyo mtu aliyetumwa na wenziwe na anayejua kuwa maneno yake yatapimwa. Afanyaye hivyo ni mlumbi, na sanaa yake ni ulumbi. Baadhi ya wanaisimu wamelipa neno mlumbi kazi ya ziada na kulitumia kwa mtu azungumzaye lugha kadhaa, lakini maana ya kwanza ni hiyo ya msemaji hodari.

Mahali ambapo maana hiyo ingali hai ni katika shule za sekondari za Kenya. Huko ulumbi hufundishwa kama kipera cha fasihi simulizi, pamoja na mawaidha, soga na mafumbo. Mwanafunzi huambiwa kwamba mlumbi sharti awe na sauti ya kusikika, aijue lugha na methali zake, asiwe mwoga, na zaidi ya yote aijue hadhira yake. Mifano inayotolewa ni ya mzungumzaji katika posa, katika matanga, au katika baraza la wazee wanaoamua kesi ya shamba.

Katika orodha hiyo hiyo ya masomo kuna kitu kinachoitwa malumbano ya utani. Ni majibizano ya watu au jamii zenye ruhusa ya kutaniana, ambamo kila upande humsema mwenzake kwa maneno makali na hakuna anayekasirika. Upande wa Tanzania mfano maarufu ni wa Wangoni na Wahehe. Jamii hizo mbili zilipigana vita vizito katika nusu ya pili ya karne ya 19, na baada ya vita zikabaki watani. Mtani huweza kufika msibani akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, na watu wakacheka huku wakilia. Atakayekasirika ndiye aliyekosa adabu.

Sasa tuangalie umbo la neno lenyewe. Kitenzi lumba kikiongezewa kiambishi -ana kinakuwa lumbana, yaani wawili au zaidi kulumba kwa kupokezana, huyu akisema na yule akijibu. Kutoka hapo tunapata malumbano, kama vile tunavyopata mashindano kutoka shindana na mapatano kutoka patana. Hakuna ugomvi wowote uliojificha katika sehemu za neno hili. Kilichomo ni ufasaha wa zamu kwa zamu.

Ni neno la Kibantu kwa sura na kwa tabia. Kusini zaidi, Watonga wa Zambia husema twalumba wanapotoa shukrani, na Wabemba wana kitenzi kulumbanya kwa maana ya kusifu. Mtu mwangalifu hajengi nyumba juu ya mfanano wa sauti peke yake, lakini inapendeza kuona kwamba sauti ambayo redio zetu huitumia kwa ugomvi wa wanasiasa, majirani zetu huitumia kwa shukrani na sifa.

Majirani wa neno

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutofautiana. Mjadala na hoja yametoka katika Kiarabu. Hoja asili yake ni hujja, yaani ushahidi au thibitisho, na kwa sababu hiyo mtu anayetoa dai lisilo na ushahidi hajatoa hoja, hata kama amepaza sauti. Mzozo unatokana na kuzoza, na kuzoza tangu zamani ni kubishana kwa kelele. Neno hilo halina utukufu wa kupoteza.

Kubisha ni tajiri zaidi. Anayebisha anapinga analoambiwa, lakini vilevile mtu hubisha hodi anapofika mlangoni. Mabaharia wa majahazi nao wana kubisha kwao: ni kukipeleka chombo mbele wakati upepo unatoka huko huko mnakokwenda, kwa kukata upande huu kisha upande ule. Nahodha anayebisha hageuki nyuma wala hajifungi gatini kungoja upepo mwema. Anachelewa, lakini anafika.

Kupinga kuna picha nyingine kabisa. Ni kuweka kitu kikingame njiani ili mtu asipite, na kutoka hapo tumepata pingamizi na kipingamizi. Inastaajabisha kidogo kwamba demokrasia yetu ya vyama vingi, ilipotafuta jina la kuwaita wale wasio madarakani, ilichagua wapinzani, yaani watu wa kuziba njia. Lugha ilikuwa nayo maneno mengine ambayo yangeweza kufaa.

Mashairi yaliyovuka bahari

Ili kuona malumbano yakiwa na heshima yake kamili, hatuna budi kurudi Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 19. Mji ulikuwa chini ya Mazrui, na mshairi wake mkubwa alikuwa Muyaka bin Haji, ambaye inakubalika kwamba aliishi kati ya miaka 1776 na 1840. Mombasa ilikuwa na ugomvi na Lamu, na nyuma ya Lamu alisimama Sayyid Said wa Oman. Ugomvi huo ulipiganwa kwa silaha katika vita vya Shela, na ulipiganwa pia kwa mashairi. Muyaka alituma beti zake, na Lamu ilikuwa na walumbi wake, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja.

Ushairi wa namna hii ulikuwa na adabu zake. Mara nyingi anayejibu alijibu kwa bahari ile ile aliyotumia mwenzake, akichunga mizani na vina, na akishika picha ile ile aliyoletewa ili aigeuze. Ukiletewa fumbo la jahazi, unajibu kwa jahazi. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mpinzani ulilazimika kwanza kumwelewa, tena kumwelewa vizuri kuliko alivyojielewa, kwa maana ushindi ulikuwa katika kuonyesha kwamba fumbo lake mwenyewe linakupa wewe haki. Tusi la wazi lilikuwa dalili ya kuishiwa maneno.

Tusiyapambe mambo kupita kiasi. Beti hizo hazikuzuia vita vya Shela, na nyingine zilichochea. Mombasa ya Mazrui ilianguka mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837, na mashairi hayakuiokoa. Hata hivyo maneno ya Muyaka yalibaki vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miongo mingi baadaye. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua alimsaidia mmisionari Mwingereza, William Taylor, kuyakusanya na kuyaeleza. Miswada hiyo sasa imo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, na msomaji wetu aliyeko huko anaweza kuwa karibu nayo kuliko aliyeko Mvita.

Pemba nayo ilikuwa na jozi yake, Kamange na Sarahani, washairi wawili wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, ambao majibizano yao yalipendwa mno kisiwani. Habari zao na tungo zao zilichapishwa mwaka 2011 katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Wapo Wapemba waliokuwa wakizijua baadhi ya beti kwa moyo muda mrefu kabla kitabu hakijawafikia.

Uchapishaji uliyaongezea malumbano uwanja. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo msomaji wa Tanga aliweza kuuliza swali kwa beti na kujibiwa na msomaji wa Tabora au Ujiji asiyemjua kwa sura. Mtu alijulikana kwa lakabu yake na kwa ukali wa vina vyake. Katikati ya miaka ya 1970 huko Lamu, mashairi ya uchaguzi yanayojulikana kwa jina la Kimondo yalienea kwa kanda za kaseti, na wapiga kura waliyasikiliza na kuyapima kama walivyopima hotuba.

Na wakati huo huo Tanzania ilikuwa katika malumbano mengine, pengine makubwa kuliko yote ambayo lugha yetu imeyaona karne iliyopita, na yalihusu ushairi wenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameandika mwaka 1954 sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi vina na mizani vilikuwa ndiyo mpaka kati ya shairi na maneno matupu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi, ambamo mashairi mengi hayakufuata sheria hizo. Vijana wengine wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, walimuunga mkono kwa hoja na kwa tungo. Upande wa pili ulijibu kwa nguvu, na Jumanne Mayoka akafika mahali pa kutoa kitabu kizima chenye jina la Mgogoro wa Ushairi.

Walisemana vibaya wakati mwingine. Wengine waliitwa watumwa wa mapokeo, wengine waliambiwa wanaiga Wazungu. Lakini ukiyasoma majibizano hayo leo utaona jambo moja: kila upande ulilazimika kueleza, kwa mara ya kwanza kwa urefu kiasi hicho, ushairi wa Kiswahili ni nini. Hakuna aliyeshinda. Mashairi ya vina yangali yanatungwa, na mashairi huru yanasomwa shuleni. Bila malumbano yale, vitabu vya kufundishia ushairi tulivyo navyo vingekuwa vyembamba sana.

Ngonjera na mti wa wazee

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na sanaa nyingine ya majibizano iliyopata nguvu zaidi kwa sababu ilipendwa na serikali. Hiyo ni ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Kigogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyeieneza, na vitabu vya Ngonjera za Ukuta vilivyoanza kutoka mwaka 1970 vilifika katika shule karibu zote. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania enzi za Azimio la Arusha atakumbuka: watoto wawili au zaidi wanasimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja anajifanya hajui au hataki, na mwingine anamweleza. Yule asiyetaka kwenda kijiji cha ujamaa, au asiyeona faida ya kisomo cha watu wazima, anabisha beti mbili tatu. Mwishoni anakubali, na wote wanasema kwa pamoja.

Ngonjera zilikuwa na uzuri wake, na ziliwapa watoto wengi ujasiri wa kusema mbele za watu. Lakini tofauti yake na malumbano ni kubwa. Katika ngonjera mshindi anajulikana kabla watoto hawajapanda jukwaani. Anayebisha amepewa hoja dhaifu makusudi, na kazi yake ni kushindwa vizuri. Katika malumbano ya Muyaka au ya Kezilahabi hakuna aliyeandikiwa kushindwa.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameieleza demokrasia ya Kiafrika kwa picha ya wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza hadi wakubaliane. Ni picha nzuri, na wengi waliokulia vijijini wanaitambua. Ila ndani yake kuna sharti lililojificha: kwamba mazungumzo hayajakamilika mpaka wote wamekubaliana, na kwamba anayebaki na rai yake baada ya kikao ana kasoro. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo malumbano yalipoanza kupoteza hadhi. Si kwamba watu walikatazwa kusema, bali kutokukubaliana kulianza kuonekana kuwa ni kazi ambayo haijamalizika.

Haki itendeke kwa enzi hiyo. Tanzania Bara ilipofanya uchaguzi wa chama kimoja mwaka 1965, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walisafiri na kuhutubia mikutano pamoja, jukwaa moja, na walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Wananchi walisikiliza jembe, wakasikiliza nyumba, kisha wakaamua. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikuwa miongoni mwa walioangushwa. Wagombea wa leo wa vyama vingi, ambao kila mmoja ana mkutano wake, muziki wake na watu wake waliovaa fulana zake, ni nadra kusikilizwa na hadhira moja namna hiyo.

Vyama vingi na sifa mbaya

Kenya iliondoa kifungu cha chama kimoja katika katiba yake mwezi Desemba 1991. Tanzania ilifuata mwaka 1992, ingawa takriban wanne katika kila watano waliotoa maoni mbele ya tume ya Jaji Francis Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuwaheshimu wale wachache. Pengine hakuna mfano bora zaidi wa serikali zetu kukubali kwamba rai ya wachache ina uzito wake.

Magazeti binafsi yaliongezeka, na wahariri walihitaji neno la kuita hali hiyo mpya ya wanasiasa kusemana waziwazi. Malumbano lilikuwa tayari, tena linajaa vizuri katika kichwa cha habari. Lakini walioitwa walumbi hawakuwa walumbi wa zamani. Wengi hawakujibu hoja ya mwenzao, walijibu asili yake, au mke wake, au mali zake. Neno lilifuata tabia ya wale lililowataja, kama nguo inavyoshika harufu ya aliyeivaa.

Muziki wa taarab nao ulikuwa katika mkondo huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ushindani wa kundi la Muungano na Tanzania One Theatre uliwajaza watu kumbi za Dar es Salaam kwa mipasho, na mpasho una kanuni tofauti na malumbano: mlengwa hatajwi jina, na hapewi zamu ya kujibu pale pale. Atajibu Jumapili ijayo, katika ukumbi wake, mbele ya mashabiki wake. Msomaji anayefuatilia siasa zetu ataona kwamba hapo wanasiasa walijifunza kwa waimbaji zaidi kuliko kwa Muyaka.

Baadaye kituo cha televisheni cha ITV cha Dar es Salaam kilikuwa na kipindi kilichoitwa Malumbano ya Hoja. Jina hilo lina fundisho lake. Zamani malumbano yasingehitaji nyongeza, kwa sababu isingewezekana kulumbana bila hoja. Kufikia hapo mtayarishaji aliona ni lazima aongeze maneno mawili ili watazamaji wasidhani wanaalikwa kutazama ugomvi.

Hofu yenye sababu

Wale wanaowaambia watu waache malumbano si wote wanaotaka kuwanyamazisha. Wapo wenye kumbukumbu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao, na uchunguzi uliofuata ulitaja maneno yaliyosemwa majukwaani na katika baadhi ya redio kuwa sehemu ya kilichowasha moto. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, na msamiati wa siasa ukaongezeka kwa maneno matamshi ya chuki.

Ni vyema tukautazama msamiati huo kwa makini. Matamshi ya chuki hayana -ana ndani yake. Anayeyatoa hasemi na mtu, anasema juu ya mtu, naye huyo mtu hayupo au hana njia ya kujibu. Walioathirika katika mashamba ya Bonde la Ufa mwaka 2008 hawakuwa wamelumbana na yeyote. Kuyaweka malumbano na matamshi ya chuki katika kapu moja, kama wafanyavyo maofisa wengi wakiwa na haraka, ni kumwadhibu anayejibu hoja kwa kosa la anayetukana kabila.

Zanzibar ilijaribu njia nyingine. Baada ya chaguzi tatu zilizoleta uhasama na vifo, Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikutana Novemba 2009, na mwezi Julai 2010 wananchi waliipigia kura serikali ya umoja wa kitaifa. Neno lililotumika lilikuwa maridhiano. Nalo lina -ana yake: ni watu kuridhiana, kila mmoja kumpa mwenzake radhi. Lakini hawaridhiani watu ambao hawakuwahi kuelezana wanachogombea, na katika baraza za Mji Mkongwe, za Maskati na za London, Wazanzibari wangali wanalumbana vikali juu ya Januari 1964, juu ya nani alifanya nini na kwa nini. Ukikaa nao jioni moja kwa kahawa na halua, utasikia tarehe, majina ya mitaa na majina ya meli. Hayo ni malumbano kwa maana yake ya zamani, hata pale yanapouma.

Kusemea wapi?

Ulumbi unahitaji hadhira. Mtu hawezi kulumba chumbani mwake. Kwa hiyo anayetaka kuyapunguza malumbano si lazima apige marufuku maneno, anaweza kuondoa mahali.

Januari 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyokuwa ikifanya, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa, kwa hoja kwamba uchaguzi umekwisha na sasa ni wakati wa kazi. Zuio hilo lilidumu hadi tarehe 3 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa. Katika miaka hiyo yote neno malumbano halikukatazwa popote. Liliendelea kutumika, hasa katika sentensi za kuyakataza.

Malumbano yalihamia kwenye simu. Huko kuna hadhira kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo Muyaka, na jibu linafika kabla aliyeandika hajaweka simu mezani. Kilichokosekana ni ule muda wa kulichukua fumbo la mwenzako na kuligeuza. Hata hivyo si kila kitu kimepotea. Kabla ya maandamano ya Kenya ya Juni 2024, vijana wengi walikaa mitandaoni usiku kucha wakijadili Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, na baadhi yao waliueleza kwa video katika Kiswahili na katika lugha za makwao ili wazazi wao wajue kinachobishaniwa. Mlumbi wa Mambo Leo angewatambua mara moja.

Kiambishi cha wawili

Turudi kwenye kile kiambishi kidogo, -ana. Kinadai watu wawili. Mtu mmoja anaweza kulumba, kuhutubia, hata kupayuka, lakini hawezi kulumbana.

Februari 2013 wagombea urais wa Kenya walisimama pamoja mbele ya televisheni kwa mara ya kwanza, wote wanane, na wananchi wakawasikiliza wakiulizwa kuhusu ardhi, elimu na kesi zilizokuwa zikiwakabili baadhi yao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Waandalizi waliuita mdahalo. Walirudia wiki mbili baadaye.

Julai 2017 Rais Uhuru Kenyatta hakufika. Raila Odinga alisimama peke yake. Miaka mitano baadaye, Julai 2022, ilikuwa zamu ya Raila Odinga kutofika, na aliyesimama peke yake alikuwa William Ruto. Mara zote mbili taa ziliwashwa, kamera zikaelekezwa jukwaani, na aliyekuwepo akawajibu waandishi wa habari maswali yao hadi muda ukaisha. Kesho yake baadhi ya watu waliokuwa wametazama waliulizana ni nani aliyeshinda.